Masika Bila Nasieku

Jumatatu, 10 Machi

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, nao ni mimi peke yangu, kwamba kuanzia leo jioni, katika ukumbi wa usharika hapa Themi, mkanda wangu wa judo nimeufunga mwenyewe. Hakuna aliyesimama kutoa heshima. Mkanda wenyewe ulifunguka kabla hatujamaliza kupasha mwili.

Kwetu mtu hajifungi mkanda. Ni sheria ya Mwalimu Hans: kila mmoja ana mwenza wake, na mwenza ndiye anayekufunga mkanda kabla ya kukutupa chini. Mwalimu anasema mtu atakayekuangusha ni lazima kwanza akukaribie kwa adabu. Mwenza wangu kwa miaka minne alikuwa Nasieku wa Ngaramtoni. Jana asubuhi kapanda basi kwenda Dar, kwenye kambi ya taifa. Klabu ilipewa nafasi moja, Mwalimu akamtaja yeye, nami nikapiga makofi ya kutosha kusikika.

Nimeandika "alikuwa" kana kwamba amekufa. Yuko hai, analala kitanda cha juu, na anasema joto la huko ni kama kukaa ndani ya chungu cha makande.

Atarudi mara moja tu, mwishoni mwa Mei, kwa ajili ya mchujo wa kanda utakaofanyika hapa hapa Arusha. Hata aliye kambini lazima apite kwenye kanda yake. Yeye na mimi tuko uzani mmoja, ule unaoishia kilo hamsini na saba, kwa hiyo tutakutana tutake tusitake. Mimi nataka. Nina masika yote ya kujiandaa kwa jambo moja: kumshika Nasieku kola tena, na safari hii aanguke yeye. Miaka yote hii ameniangukia kwa kunisaidia tu, nijifunze. Kuangushwa kweli kweli na mimi, bado.

Jumatano, 12 Machi

Sina mwenza, nimefanya mazoezi na hewa. Hewa haina kola.

Mwalimu alipita na swali lake lile lile, "Umehisi nini?" Nikamwambia sijahisi kitu. Akasema, "Vizuri," akaenda zake. Nimeanza kuamini kwamba anauliza kwa sababu jibu hana.

Ijumaa, 14 Machi

Nasieku katuma picha ya ukumbi wa kambini. Magodoro yao yana rangi mbili, bluu na njano. Ya kwetu niliyashona mwenyewe, fundi cherehani mimi, kwa turubai nikayajaza maranda ya mbao. Rangi yake ni ya turubai.

Jumatatu, 17 Machi

Leo tulipokuwa tunatandika magodoro aliingia mama mmoja wa makamo, kavaa shuka juu ya gauni, mkononi kabeba dumu tupu la maziwa. Mwili wake uliujaza mlango.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Kwaya ni kesho."

"Marahaba. Kwaya ya nini? Nimekuja kujifunza kuanguka."

Anaitwa Mama Koikai. Anauza maziwa sokoni Ngaramtoni, ni jirani wa kina Nasieku. Mwezi wa kwanza alikuwa kwenye bodaboda, ikateleza. Dereva akanyanyuka, akajipangusa, akaondoka. Yeye alivunjika mkono, akakaa nao shingoni mpaka juzi. Ndipo mama yake Nasieku akamwambia kuna watu Themi wanaanguka jioni nzima na bado wanarudi nyumbani kwa miguu yao.

"Kupigana sihitaji," akamwambia Mwalimu. "Nina mawifi wanne. Nifundishe kuanguka tu."

Mwalimu alimtazama, kisha akanitazama mimi, na mimi nikaijua ile sura.

"Vaileth, mwenza wako huyu hapa."

"Mwalimu, mimi nina mchujo! Kwani huyu ni kilo ngapi?"

"Mimi siyo mahindi," akasema Mama Koikai.

Kisha akaniinamia kunifunga mkanda, maana sheria kashaelezwa mlangoni. Kafunga fundo la kufungia mbuzi. Nimefika nyumbani Nkoaranga bado halijafunguka, imebidi mama aje na uma.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeanza katikati ya mahubiri. Mchungaji akapandisha sauti, bati nalo likapandisha. Bati limeshinda.

Jumanne, 25 Machi

Siku ya aibu, niiandike kwa utaratibu.

Mtupo ninaoutegemea ni ule wa kubeba mgongoni. Unamvuta mtu kwa mkono, unageuka ghafla, unaingia chini yake, unambeba, unamwaga mbele. Wajapani wana jina lake, Mama Koikai anauita "kushusha gunia". Siri yake ni kule kuvuta na kugeuka, na hivyo unaweza kuvifanya hata peke yako ukiwa na mpira wa ndani wa baiskeli uliofungwa kwenye mti. Unashika ncha mbili, unavuta, unageuka, unarudi. Unarudia mpaka mwili ufanye bila kukuomba ruhusa.

Mti wangu ulikuwa ule wa kivuli kwenye kahawa. Baba mdogo kaukata mwezi wa kwanza kwa ajili ya mbao. Nikatazama shambani nani mwingine kasimama wima. Nikaona mgomba.

Sasa, mtu yeyote aliyezaliwa kwenye mlima huu anajua kwamba mgomba wenye mkungu, mvua ikishalowesha udongo, unasimama kwa huruma tu. Ndiyo maana tunaupa mwegamo wa mti. Mimi nimezaliwa hapa, na miegamo hiyo naikata mwenyewe. Lakini nilikuwa namfikiria Nasieku. Niliufunga mpira, nikaanza, na kila nilipogeuka nilikuwa namwona yeye nyuma yangu. Hapo nikavuta ile ya kweli. Nikasikia mizizi inaachia ardhi kwa sauti ya kitambaa kipya kinachochanwa. Mgomba ukapita juu ya bega langu, ukatua mbele yangu, chali.

Mama alitoka jikoni na mwiko.

"Vai! Ni nini hicho?"

"Mgomba, mama. Umeanguka."

"Umeanguka, au umeangushwa?"

"Kwa kanuni za mchezo, mama, umeangukia mgongo. Huo ni ushindi kamili."

"Ushindi." Akauzunguka taratibu, akabonyeza ndizi moja changa kwa kidole. Kwetu kahawa ni ya baba na migomba ni ya mama, hata baba akitaka jani moja la kufunikia kitu anaomba. "Haya, mshindi. Utaula wote."

Ijumaa, 28 Machi

Tunakula mgomba.

Jumatatu, 31 Machi

Bado tunakula mgomba. Kwa mtu anayelinda kilo hamsini na saba, hii ni hukumu ya mahakama kuu.

Jumatano, 2 Aprili

Magodoro yamelowa unyevu, maranda yameshikana, kuyabeba kumekuwa kama kubeba ng'ombe aliyelala. Na lazima tuyaondoe kila tukimaliza kwa sababu ya kwaya.

Mama Koikai hataki kuanguka. Anakaa. Ukimsukuma anatanguliza mkono, ule ule uliovunjika, kisha anaketi kama mtu aliyefika ugenini akakaribishwa kiti. Nimemweleza: mama, kunja kidevu, tazama mkanda wako, jiviringishe, piga godoro kwa mkono wote. Nimemwonyesha mpaka mgongo ukawaka.

"Mwalimu," akaniambia (ananiita hivyo kunikejeli), "wewe ulijifunza siku ngapi?"

Nikasema sikumbuki. Nakumbuka vizuri sana. Ilikuwa miezi mingi, na aliyenifundisha ni Nasieku, maana nami nilikuwa natanguliza mkono. Alikuwa anaushika ule mkono wangu na kuubana kifuani pake, kisha anaanguka nao, tunaanguka wote, mpaka mkono ukasahau woga.

Leo nikaushika mkono wa Mama Koikai, nikaubana, nikaanguka nao. Jengo lilitikisika. Akalala pale chali akitazama dari, nikadhani nimeua.

"Sidai," akasema. Kwa Kimaasai ni kusema vizuri kabisa. "Tena."

Jumatano, 9 Aprili

Njia ya kushuka kutoka kwetu imekuwa sabuni. Leo nimeteleza mbele ya waumini wawili, nikaviringika vizuri, nikapiga matope kwa mkono wote, nikasimama. Mmoja akasema, "Pole, binti." Mwingine akasema, "Huyu kapagawa."

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, ukumbi una ibada, hakuna mazoezi. Mvua kutwa.

Ujumbe wa mwisho wa Nasieku ulikuja Jumapili ya Mitende. Aliandika: "Huku tunabadilishana wenza kila dakika kadhaa. Mtu hujui hata jina lake, ushamtupa." Akaweka vile vikatuni vya kucheka. Nimeusoma mara nyingi kuliko unavyostahili.

Niseme ninachokikosa, maana daftari halina mdomo. Si maneno yake, tulikuwa hatuongei sana. Nakosa uzito wa mkono wake kwenye kola yangu. Kila mtu ana uzito wake wa kushika. Mwalimu anashika kama mtu anayekusubiri umalize kusema. Nasieku alikuwa anashika kwa wepesi, kana kwamba kola ni ya kuazima, na ukidhani amekuachia ndipo unajikuta chini unatazama dari. Nilikuwa najua kama amegombana na kaka zake kabla hajasalimia. Na yeye alikuwa anajua yangu. Kuna watu wamelala kitanda kimoja miaka ishirini na habari hizi hawana.

Na ile harufu ya moshi. Kwao vibuyu vya maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, moshi unaingia kwenye nguo, kwenye nywele, haufuliki. Mama Koikai naye anayo. Jumatano aliponishika nikafumba macho, nikavuta ile harufu, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha. Kisha akanikanyaga kidole.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kuku, na ndizi. Siyo ule mgomba, mwingine. Nimekula kidogo, mama akauliza naumwa nini.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimegombana na Mwalimu, kama mtu anaweza kugombana na ukuta wenye filimbi.

Alikuja na swali lake, "Umehisi nini?" Nilikuwa nimetoka kumbeba Mama Koikai, kiuno kinaniuma, mvua inatupigia kelele juu, na kambini kuna watu wanabadilishana wenza kama leso. Nikamwambia, "Nahisi napoteza muda, Mwalimu. Kwa nini ulimpeleka yeye?"

Mama Koikai akajifanya anarekebisha shuka.

Mwalimu akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, akanipigia pigia ubao pembeni yake nikae. Mikono yake imekunjamana, kidole kimoja hakinyooki tangu alipoumia jeshini.

"Nasieku akianguka," akasema, "anarudi kwa aliyemwangusha, anamwuliza umenifanyaje. Wewe ukianguka, unageuka kunitazama mimi, kama nimeona."

Nikatafuta kosa lake. "Na mbona hunirekebishi? Mimi mwenyewe najua natupa kwa upande wa kushoto, na mimi siyo mashoto!"

Hii nayo ina historia. Kabla ya klabu hii kuwepo nilijifundisha judo kwa simu, kule nyumbani, simu nimeiegemeza kwenye mtungi. Yule mwalimu wa kwenye simu alikuwa amesimama akinitazama, nami nikawa namwiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Alipoinua mkono wa kulia mimi niliinua wa kushoto. Nilipokuja kugundua, mwili ulikuwa umeshaamini. Nilipoingia klabu nilisubiri Mwalimu anikemee. Hakunikemea.

"Nilikuwa nasubiri uniulize," akasema Mwalimu.

"Miaka minne?"

"Upande wako unawasumbua wengine. Ningekugeuza ningekuharibu. Lakini ungeniuliza, ningekuambia hivyo mwaka wa kwanza, ungelala vizuri."

Nikamtazama. Kumbe miaka yote nimemdhania mtu asiyejua, naye alikuwa ameshika mlango wazi akisubiri niingie. Nimekasirika zaidi. Lakini ni hasira ya aina nyingine.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeanguka, nikamgeukia Mama Koikai, nikamwuliza, "Umenifanyaje?"

"Nimekukalia," akasema.

Ni mwanzo.

Jumatano, 7 Mei

Leo niandike kirefu, hata kama taa inafifia.

Mama Koikai sasa anaanguka kama gogo lenye elimu. Amefikia hatua ya kukataa kuanguka, nalo ni jambo zuri, maana sasa kumbeba mgongoni kunahitaji ufundi. Jioni yote nikaingia, akanizuia. Nikaingia, akashusha kiuno, nikabaki nimening'inia mbele yake kama nguo kwenye kamba. Mtu mwenye miezi miwili! Mwalimu alikuja akasimama. Safari hii hakuniuliza mimi. Akamwuliza yeye.

"Mama Koikai, umehisi nini?"

"Nimehisi anakuja."

"Unajuaje?"

"Si anavuta pumzi." Akasema kama mtu anayetaja rangi ya ukuta. "Kabla hajageuka anavuta pumzi, hivi, fff! Kifua kinapanda, kola inapanda mkononi mwangu. Ng'ombe akitaka kukupiga teke unapomkamua anafanya hivyo hivyo. Unasogeza ndoo tu."

Nikajaribu tena, nikijisikiliza. Fff! Ndiyo. Nimeipata kwenye simu, yule wa kwenye simu alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu ili wanafunzi wajue anaanza. Nilijifunza mtupo pamoja na tangazo lake.

Nikaelewa kitu kingine. Miaka minne Nasieku alikuwa akiponyoka dakika ile ile, na mimi nilimwona mchawi. Alikuwa anasogeza ndoo tu.

Mwalimu alituambia tufanye mchezo mmoja: niongee wakati wote, nimsimulie Mama Koikai bei ya vitambaa, na nigeuke katikati ya neno lolote. Anayeongea hawezi kuvuta pumzi. Tukaanza. "Satini imepanda, lakini kitenge cha kawaida bado ki..." na nikageuka.

Mama Koikai alipita juu yangu na shuka lake lote. Akatua vizuri, mkono ukapiga godoro, kidevu ndani. Akacheka akiwa chini mpaka machozi.

"Haya, malizia," akasema. "Kitenge bado kikoje?"

Ijumaa, 9 Mei

Nilimwandikia Nasieku: "Ulijua kwamba navuta pumzi?"

Jibu limekuja jioni hii: "Tangu mwaka wa kwanza, shosti. Ningekuambia ningekuwa nimeshaanguka zamani. Njoo mchujo unishangaze."

Nilikuwa na hasira ya kumtukana. Badala yake nimekaa mlangoni natazama mvua, nimeshika simu, natabasamu kama mtu aliyeposwa. Kumbe na yeye alikuwa ananisikiliza muda wote huo.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemtupa kila aliyekubali kunishika. Mwalimu kaniuliza, "Umehisi nini?" Nikasema, "Sijahisi kitu." Akasema, "Vizuri." Safari hii nimemwelewa: mtupo ukiwa sawa, uzito wa mtu husikii.

Jumatano, 14 Mei

Nimeacha ugali. Mama kaacha kuongea na mimi.

Jumatatu, 19 Mei

Mama Koikai anasema Nasieku atafika Ijumaa usiku, kwao wamemwekea maziwa mgando. Nimefua judogi mbili, zile sare za judo, hakuna jua la kukaushia hata moja.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua inakatika katika. Leo mlima umeonekana wote mpaka kileleni, kidogo tu, kisha ukajifunika.

Jumamosi, 24 Mei

Ya mchana kwanza, maana ni mafupi. Nilipangiwa msichana wa Moshi, ana nguvu, ana dharau. Nilishika kola, nikageuka bila kuvuta pumzi, akaanguka chali. Ushindi kamili. Mama Koikai alipiga kigelegele, akatolewa nje na waratibu, akarudi kwa mlango mwingine. Mwalimu aliniangalia kwa mbali, akainua kile kidole kisichonyooka.

Ya asubuhi ndiyo haya.

Nilifika mapema. Ukumbi wa shule, mizani mezani mlangoni, wachezaji kwenye foleni wakiwa na miguu mitupu, hakuna aliyekunywa hata chai. Nikamwona kabla hajaniona. Kakata nywele. Mabega yamejaa. Kavaa suti ya michezo ya kambini, anaongea na watu nisiowajua, na mikono yake inaongea kwa namna mpya. Nikataka kurudi nyumbani. Kisha akageuka.

"Vai!" Akaja mbio, akanishika kola ya koti langu, kwa ule wepesi wake. "Hebu vuta pumzi nikusikie!"

"Sivuti tena."

"Muongo."

"Utaona."

Alicheka, lakini hakuachia kola. Hakuwa na harufu ya moshi, alinukia sabuni ya dukani. Nami niliona kwamba ananitazama kama mtu mwenye neno mdomoni, na mimi, mwanafunzi wa Mwalimu Hans, ningepaswa kuuliza. Nikaongea mimi. Nikamweleza habari za mgomba, za Mama Koikai, za kitenge. Nikamwambia nimemngojea masika yote. Nikamwambia, leo dada, unaanguka.

"Vai," akasema, "nilitaka nikuambie ana kwa ana."

Mwamuzi akaita jina langu. Nikapanda kwenye mizani: hamsini na sita na nusu. Nikashuka, nikamwachia nafasi. Akapanda, akatazama mbele kwenye ukuta.

"Sitini na moja," mwamuzi akasema, akamwandika kwenye uzani wa juu yangu.